Mama wa Sweta ya Kijani

Aliingia dukani bila kufunga mwavuli, na maji yakamwagikia kibodi ya Gachanja.

"Mathe, mwavuli!" Gachanja akapiga kelele. "Hapa ni nyaya kila mahali, utatuchoma!"

Mama yule aliuacha wazi vile vile. Alikuwa anatuangalia usoni mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mwanawe kwenye foleni ya shule.

"Natafuta yule msichana wa redio, wamenielekeza hapa," akasema. "Yule wa filamu ambazo hakuna mtu ameziona."

Vijana wawili waliokuwa wakingoja flashi zao wakacheka. Mimi nikainua mkono.

"Ni mimi, mama."

"Wewe?" Akaniangalia kuanzia viatuni. "Kwa redio unasikika mkubwa."

"Ni mimi tu."

"Ulisema unamtafuta mama wa sweta ya kijani."

"Ndiyo."

"Basi umempata."

Nilipiga yowe. Nilizunguka kaunta mbio nikamkumbatia na maji yake yote. Gachanja akapunguza muziki, akawatangazia wateja wake, "Angalieni vizuri nyinyi! Star amekuja kwa duka yangu! Watu wa Nairobi watasema nini sasa?"

Mama alisimama tu ndani ya mikono yangu, amekauka kama mti. Nilidhani ni aibu.

Wewe uliyenifuata tangu sehemu ya kwanza unajua mwaka huu umenichezea vipi. Anayenikuta leo, nitamwambia kwa kifupi. Naitwa Jerotich. Nilimaliza chuo na shahada ya filamu, nikiamini kabisa kwamba nchi inaningoja. Kituo kimoja cha televisheni Nairobi kikanichukua kwa majaribio, kikanitoa kabla sijajua choo kiko wapi. Nikarudi Nakuru. Gachanja akanipa kazi katika duka lake la muvi nyuma ya stendi, ya kuwajazia watu filamu na series kwenye flashi, na redio moja ndogo ya hapa mjini ikanipa dakika kumi kila Jumatano nitoe maoni yangu kuhusu filamu.

Wiki jana redio ikaniondoa.

"Jerotich," mkuu wa vipindi aliniambia, "watu wanataka kusikia filamu wanazozijua. Wewe unatuletea vituko."

Ni kweli, mimi hupenda vituko. Kuna filamu moja ya nchi za mbali, hata jina haina kwenye kompyuta yetu, ambamo mzee anapanda mlima akiwa amebeba mlango mgongoni. Mlango mzima, na kitasa chake. Mpaka mwisho hatuoni nyumba. Wateja kadhaa wamenirudishia wakisema imekatwa. Haijakatwa. Mimi naamini mzee alikuwa amefika.

Kuna kipindi cha mapishi cha zamani ambacho mwalimu wake hakuwahi kumaliza kupika. Kila juma muda unakwisha sufuria ikiwa bado motoni, naye anatuaga akitabasamu, jasho likimtoka. Wenye ujuzi husema ni makosa ya utayarishaji. Mimi nilisema redioni kwamba hakuna kipindi kilichowahi kusema ukweli kuhusu jikoni kama kile.

Kwa sababu hakuna anayekuja dukani kuomba vitu kama hivyo, mimi huvitia mwenyewe. Ukinunua muvi zako za kupigana, nakuwekea kituko kimoja mwishoni, bure, kama mama wa sokoni anavyokuongezea viazi juu ya debe. Gachanja huniambia ninamalizia watu nafasi. Namwambia iko siku mmoja atafungua.

Kipindi changu cha mwisho redioni kilihusu filamu ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Bwana Harusi Amelala. Nilikuta sidii yake chini ya boksi la sidii kuukuu ambalo Gachanja alilinunua kutoka duka lililofungwa. Ilipigwa Molo mwaka 2006 na mpigaji video wa harusi aliyeitwa Jamleck, pamoja na kwaya nzima ya kanisa. Bwana harusi amekesha akipakia viazi kwenye lori, kwa hiyo analala. Analala kwa kinyozi, analala kanisani, analala wakati wa keki. Watu wanambeba tu, wanamgeuza, wanamfuta mdomo, na harusi inaendelea. Bwana harusi hasemi neno hata moja, na ni kichekesho kitamu ajabu.

Halafu katikati, bila onyo, kicheko kinakatika. Tunaona mazishi. Hakuna sauti. Jeneza dogo la mtoto. Msichana anabeba picha ya marehemu yenye fremu ya kioo, lakini jua linapiga kioo na uso hauonekani, ni mwanga mtupu. Nyuma yake mama mwenye sweta ya kijani anavutwa aondoke kaburini, naye hataki. Waombolezaji si wengi. Inachukua chini ya dakika moja. Kisha tunarudi kwa bwana harusi, bado amelala.

Niliwaambia wasikilizaji kwamba hakuna mwongozaji wa nchi hii aliyewahi kuthubutu jambo kama lile. Nikasema uso umefichwa kwa mwanga wa jua ili kila mzazi amwone mtoto wake. Nikasema mwigizaji wa sweta ya kijani ni bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na kwamba ningetoa chochote nimjue jina.

Baada ya kipindi hakuna aliyenipigia simu. Hata baba, ambaye husikiliza kila Jumatano akiwa shambani na kunipigia kabla sijafika nje ya lango la redio, hakupiga.

Na sasa mwigizaji wangu alikuwa mbele yangu, anadondosha maji.

Nilimkalisha kwenye kiti cha Gachanja. Nikamuuliza jina. Akasema ni Wachuka, amekuja kutoka Njoro.

"Mama Wachuka, niambie ukweli. Ulijifunza wapi kuigiza?"

Akakunja mwavuli wake, akauweka sakafuni.

"Kwa sababu ile namna unavyoshika udongo," nikaendelea, nikimwonyesha kwa mikono, "hakuna mtu anaweza kumfundisha mwingine. Na machozi hayakuwa ya kulazimisha. Jamleck alikuambia nini kabla ya kupiga ile sini?"

"Aliniambia pole."

"Pole?"

"Alisema, pole mama, nitasimama mbali, sitakusumbua."

Kijana mmoja wa flashi akacheka tena. Mimi bado nilikuwa natabasamu. Mungu anisamehe, nilikuwa bado natabasamu.

"Mwanangu," mama akasema, "mimi sikuigiza."

Gachanja akazima muziki kabisa.

"Huyo alikuwa Ndung'u wangu. Alikuwa na miaka saba. Homa ya mapafu, baridi ya huko juu Molo unaijua. Jamleck alikuja kutupigia video ya mazishi. Akasema tungoje aitengeneze. Tukangoja. Kila tukimwuliza, wiki ijayo. Kisha vita vya uchaguzi wa 2007 vikaja, tukakimbia, hakuna mtu aliuliza tena mambo ya video."

Nilielewa kabla hajamaliza, na nikatamani nisingeelewa. Chuoni walitufundisha habari za kanda za zamani. Jamleck alichukua kanda ya mazishi akapigia juu yake kichekesho chake. Alipozima kamera na kuiwasha tena, akaacha pengo. Kwenye pengo, kile kilichokuwa chini kikabaki. Alipohamishia kwenye sidii hakuangalia, au aliangalia akachoka.

Hapakuwa na mwongozaji aliyethubutu. Palikuwa na mtu aliyekosa kanda mpya, na mimi nikaenda redioni kuutangazia mji mzima uhodari wake.

"Jamleck yuko wapi?" Gachanja akauliza kwa sauti ndogo.

"Alikufa kitambo."

"Mama, nisamehe," nikasema. "Sikujua. Naapa sikujua."

"Kama ungejua usingesema, na kama usingesema nisingejua iko." Akafuta uso kwa ncha ya leso. "Sikuja kugombana. Nyumba yetu ilichomwa. Picha zote zilikuwa kwa kabati. Sina hata moja ya Ndung'u. Ya ubatizo, ya shule, zote. Miaka ya kwanza nilikuwa namwona nikifunga macho. Sasa nikifunga macho namwona mgongo tu. Anatembea mbele yangu, na nimesahau mbele yake."

Akagusa pua yake mwenyewe.

"Nimesahau pua, mwanangu. Mama gani anasahau pua ya mtoto wake?"

Mlangoni akaingia mwanamume wa boda, kofia ya chuma mkononi. "Sasa Gachanja! Niwekee ile muvi ya redio. Ile ya mathe analia vizuri."

"Hatuna," Gachanja akasema.

"Si juzi ulisema mko nayo?"

"Nimesema hatuna. Rudi kesho. Na nyinyi wawili pia, chukueni flashi zenu, tunafunga."

"Na series yangu, boss?"

"Nimesema tunafunga!"

Akavuta mlango wa bati hadi nusu. Nilikuwa sijawahi kumwona Gachanja akifukuza mteja.

Nilisogea kwenye kompyuta. Nilijua jambo ambalo Mama Wachuka hakulijua, au nilidhani halijui. Alikuwa ametoka Njoro na mvua kuona uso. Na uso haukuwepo. Niliutazama ule mwanga mweupe mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani na kuuita sanaa.

Nikaweka sidii. Mashine ikaanza kuizungusha. Kisha taa zikazimika, feni ikanyamaza, na mtaa mzima ukapiga kelele kwa pamoja kama kawaida.

"Stima," Gachanja akasema. "Hawa watu! Leo? Saa hii?"

Tukakaa katika mwanga wa nusu mlango, tukisikiliza mvua.

Ningeweza kumwambia aende, nikipata nafasi nitampigia. Nililifikiria jambo hilo. Badala yake nikasema, "Mama, kuna kitu lazima ujue kabla haijarudi. Ile picha inayobebwa na msichana, jua linaipiga. Uso hauonekani."

"Najua."

"Unajua?"

"Ulisema kwa redio. Nilikuwa namenya viazi. Ulisema ni mwanga mtupu."

"Sasa mbona umekuja?"

"Kwa sababu nilikusikiliza kipindi hicho na vingine. Yule mzee na mlango wake. Yule mwalimu wa sufuria. Nikasema, huyu mtoto huangalia mahali watu hawaangalii. Labda akiangalia tena ataona kitu." Akanigeukia. "Lakini niahidi jambo moja."

"Lolote, mama."

"Macho yangu si mazuri. Utaona mambo ambayo mimi sitaona. Chochote utakachoona, kizuri au kibaya, utaniambia. Usinifiche eti kwa sababu mimi ni mzee. Tangu tutoke huko watu wananificha mambo. Kaburi limelimwa, wananificha. Shamba limepewa nani, wananificha. Kila mtu ananihurumia mpaka sijui chochote."

"Nitakuambia."

"Chochote."

"Chochote. Naahidi."

Ilikuwa rahisi sana kusema.

"Na wewe unaitwa Jerotich wa wapi?"

"Nyumbani ni upande wa Molo pia. Lakini Molo ni kubwa, mama."

Alinitazama kidogo. Nilijua anachofikiri, na yeye alijua kwamba najua. Jina langu linasema kwetu ni nani, na jina lake linasema kwao ni nani, na miaka ile ya vita watu waliulizana majina barabarani kabla ya mambo mengine.

"Nilikuwa na jirani Jerotich," akasema mwishowe. "Tulikuwa tunachimba viazi pamoja. Alikuwa na kicheko kibaya, kama injini ya trekta." Akatabasamu. "Sijui yuko wapi siku hizi."

"Mimi pia wanasema nacheka vibaya," nikasema.

"Kweli kabisa," Gachanja akadakia. "Anafukuza wateja."

Mama Wachuka akacheka. Nami nikacheka. Ndipo taa zikarudi.

Bwana harusi alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimeanguka begani, sabuni puani. Mama akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Huyu namjua!" akasema. "Alikuwa fundi wa baiskeli. Alikuwa hivi hivi, kulala tu. Hakuigiza huyo."

Kanisani wakambeba. Kwenye keki wakamfungua mdomo kwa kijiko. Mama akacheka na mkono mdomoni, na nikafikiria jambo ambalo bado naliamini hata baada ya yote yaliyotokea: kwamba ile ni filamu nzuri. Nzuri kweli. Nikaona aibu kwa kulifikiria.

Kisha sauti ikakatika.

Mama alisimama.

Jeneza likapita. Watu wa makoti mazito wakapita. Mwanamke wa sweta ya kijani akaingia, kijana, mnene wa mashavu, akapiga magoti akashika udongo.

"Ona vile nilikuwa na nguvu," akanong'ona. "Ona. Walikuwa watu watatu wananivuta."

Msichana akaja na picha. Kioo kikawaka. Uso ukawa mwanga.

Mama akanyoosha mkono akagusa skrini pale pale, kana kwamba angeweza kuufuta ule mwanga kwa kidole.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mwanga. Nikarudisha tena. Mwanga.

"Tena."

"Mama..."

"Tena, tafadhali."

Hapo nikakumbuka kwamba mimi nina shahada. Niliitazama filamu ile mara nyingi, lakini daima nikiiacha itembee, kwenye skrini ndogo ya kaunta, huku nikijaza flashi. Sikuwahi kuisimamisha. Nikafungua programu ya kuhariri, nikaiingiza humo, nikaanza kuipeleka picha moja moja.

Ukienda hivyo, filamu haina mwendo tena. Ni picha nyingi zilizokufa zimepangwa foleni. Msichana anainua mguu. Mguu uko hewani. Mguu unashuka. Mwanga, mwanga, mwanga. Gachanja alikuwa amesimama nyuma yetu, nasikia pumzi yake shingoni.

Kisha wingu likapita Molo, siku moja ya mwaka 2006, mbele ya jua.

Lilipita upesi sana hivi kwamba jicho haliwezi kulikamata. Picha tatu, labda nne. Kioo kikazimika. Na ndani ya kioo alikuwemo mtoto wa kiume mwenye sikio moja limesimama kuliko jingine, amefunga kifungo cha shati mpaka shingoni, anacheka, na mbele hana jino.

Mama Wachuka hakulia. Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye skrini, akaufuta kwa leso, akasogea tena.

"Jino," akasema. "Lilitoka siku ile ile ya kupiga picha. Alilificha mfukoni, akalipoteza, akalia safari nzima." Kidole chake kikashuka. "Pua ya babake. Ndiyo hii. Pua ya babake."

Gachanja akatoka nje akasimama mvuani. Alirudi akipangusa uso na kusema mvua ni kali. Yeye hupiga pia picha za pasipoti, kwa hiyo ana printa nzuri na karatasi zake.

"Jerotich, mtengenezee vizuri," akaniambia. "Mkubwa. Ile karatasi ya kung'aa. Na hii sidii mathe ataenda nayo. Na kwa kompyuta nafuta. Hakuna mtu atacheka huyu mtoto tena kwa duka yangu."

"Asante, baba," mama akamwambia.

Nikaikuza picha ili nikate ile sehemu ya kioo peke yake. Ili ukate lazima kwanza uione yote. Na kwa kuwa wingu lilikuwa limepita, kamera ya Jamleck ilikuwa imefungua jicho, na nyuma ya msichana, mahali ambapo siku zote palikuwa peupe, palikuwa na kitu.

Palikuwa na chimni ya mawe, bomba la kutolea moshi. Chimni peke yake, bila nyumba, iliyobaki kutoka stoo ya kukaushia pareto ya enzi za wazungu. Upande wa kushoto wa juu limekosekana jiwe, kama jino.

Niliijua chimni ile. Nilikua nikiipanda. Kaka yangu aliwahi kuanguka kutoka kwenye lile pengo akavunjika mkono.

Ni chimni ya shamba letu.

Tulihamia pale mwaka 2009. Baba alisema amelinunua kwa watu waliokuwa wanaenda kuishi kwingine, na mtoto hamwulizi baba maswali ya shamba. Viazi vya shamba lile vilinisomesha. Kila kitabu, kila muhula, mpaka ile kofia nyeusi ya mahafali ambayo baba aliivaa mwenyewe tupige picha, akicheka.

Na mbele ya chimni, kuna mahali baba hajawahi kulima. Padogo tu, kama kitanda cha mtoto. Trekta ikifika pale inazunguka. Nyasi zimeota, na mawe kadhaa pembeni. Tulipokuwa wadogo alitupiga mara moja tu maishani, siku alipotukuta tumekaa juu yake tukila mahindi. Alituambia kuna shimo la zamani, mtaanguka.

Miaka yote hiyo tuliogopa shimo.

Nikakumbuka Jumatano ile simu yangu ilivyonyamaza. Baba, na redio yake ndogo kwenye mfuko wa koti, akinisikia nikiusimulia ulimwengu kuhusu mama wa sweta ya kijani.

"Umekata?" Gachanja akauliza. Akainama aone ninachokiangalia. Akaniangalia mimi. Yeye ni mtu wa kusoma nyuso, ndiyo biashara yake, anajua anayetaka muvi ya mapenzi kabla hajafungua mdomo. Na mara ngapi nimemwonyesha kwenye simu picha za nyumbani, mimi na kaka tumeegemea chimni ile.

Akaushika mkono wangu uliokuwa kwenye kipanya. Akaninong'oneza karibu na sikio, "Wacha. Kata uso tu. Mwache mathe aende na mtoto wake."

Nikakata uso. Printa ikaimba, karatasi ikatoka, Ndung'u akacheka juu ya karatasi ya kung'aa. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Aliipuliza ikauke. Alichukua mfuko wa plastiki kutoka kwenye kikapu chake, akaifunga humo, akaiingiza ndani ya sweta, kifuani. Sidii akaitia kikapuni. Akaokota mwavuli.

"Mungu akubariki, mwanangu. Wewe na wazazi wako waliokusomesha."

Gachanja alikuwa ameinua mlango wa bati. Nje mvua ilikuwa imepungua na watu wameanza kupita tena. Mama alikuwa ameshakanyaga kizingiti. Hatua moja zaidi na angekwenda na furaha yake, nami ningebaki na baba yangu.

"Mama Wachuka."

"Naam?"

"Nilikuahidi."

Akageuka. Gachanja akafumba macho.

"Kuna kitu kingine nimeona," nikasema. Sauti yangu ilisikika ndogo, wala si ya redioni. "Nyuma ya picha. Kuna chimni ya mawe."

"Ya pareto," akasema taratibu. "Ilikuwa pale kwetu. Jiwe moja lilianguka."

"Bado iko. Na kaburi halijalimwa, mama. Liko. Kuna mtu amelizunguka na trekta miaka yote hii."

Mwavuli ukamponyoka. Alishika mlango.

"Wewe umejuaje?"

"Kwa sababu ni nyumbani kwetu. Shamba hilo sasa ni la baba yangu."

Mtaa ulikuwa na kelele zake zote, honi na makanga na muziki wa duka la jirani, lakini ndani ya duka letu palikuwa kimya kama yale mazishi. Mama Wachuka alirudi polepole, akaketi tena kwenye kiti cha Gachanja, mkono juu ya kifua pale picha ilipokuwa. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyoitazama skrini, akitafuta kitu kwenye pua yangu, kwenye macho yangu.

"Baba yako," akasema, "anaitwa nani?"

Simu yangu ikaanza kulia juu ya kaunta. Sikuhitaji kuangalia ni nani.

Nikamwacha baba apige, nikamtajia Mama Wachuka jina lake.